Namba Tatu Nyuma ya Pazia

Yule tunayemwita Kidomo simpendi, na asitokee mtu akaniambia eti nimsamehe. Miaka miwili amekalia kiti cha kwanza cha fidla kwenye okestra ya shule, mimi kando yake kiti cha pili, tunasoma nota kwenye stendi moja. Na wa pili ndiye anayefunua ukurasa. Ukibaki mstari mmoja naacha kupiga, nafunua, yeye anaendelea kung'ara peke yake. Nikichelewa kidogo ananikanyaga mguu.

Safari hii viti vilikuwa vinagombewa upya, na Mama alishasema lake la mwisho.

"Sikia wewe. Ukiniletea tena hicho kiti cha pili, hiyo fidla unairudisha shule, unakaa hapa unanishonea mapindo. Nimechoka na kelele."

Mama ni fundi cherehani. Eti kelele, na mashine yake inanguruma kutwa nzima!

"Nitakipata cha kwanza, Mama."

"Utakipata wapi? Huna hata pa kuwekea hayo makaratasi."

Kweli, stendi sikuwa nayo. Nikazibandika kurasa zote mbili za wimbo wa mtihani ukutani kwa pini zake, bega kwa bega, nikapiga wiki tatu nimesimama katikati ya vitambaa mpaka vidole vikaota sugu. Dada yangu akipita anaziba masikio makusudi. Nikamwambia akome, akanitolea ulimi, basi nikazidisha sauti.

Siku yenyewe mwalimu wa muziki alikaa upande wa pili wa pazia asituone, kila mtu na namba yake. Mimi tatu, Kidomo nne. Tulisubiri tumeegemea ukuta.

"Usitetemeke, mwenzangu," akaninong'oneza. "Cha pili chako kipo tu."

"Hebu nitolee balaa hapa!"

Nilikaa kwenye stendi hasira zimenijaa, na hasira zikanisaidia. Haki ya Mungu sijawahi kupiga vile. Upinde ulinitii kila nilipoupeleka. Nikateremka ukurasa wa kwanza, ukabaki mstari mmoja, na mkono wangu huu, mkono mshenzi, ukautoa upinde kwenye nyuzi ukaenda kufunua karatasi. Ukumbi ukawa kimya. Hapakuwa na mtu kando yangu wa kuendelea kupiga.

Kidomo akacheka.

"Namba tatu, endelea," mwalimu akasema. Nikaendelea, lakini vidole vilishakufa ganzi.

Majina yakasomwa papo hapo. Kidomo wa kwanza, mimi wa pili. Nikamfuata mwalimu nimrudishie fidla mwenyewe, Mama asipate raha ya kuninyang'anya. Karatasi yake ilikuwa wazi mezani. Juu kabisa alikuwa ameandika tatu, kisha akaikata mara mbili.

"Nilishakupa cha kwanza," akasema. "Sikujua ni nani, lakini nilishakupa. Mbona ulisimama?"

 Kidomo alikuwa mlangoni ananitazama, nami nikalia mbele yake, kwa sauti, na hilo sitajisamehe mpaka nakufa.