Sikio la Kuume

Baba mkwe wangu alirudi nyumbani Jumanne asubuhi, na kabla hajaketi, kabla hata ya kunywa maji, alisema anataka kwenda bandani kuona nguruwe wake. Miezi kumi na moja alikuwa hajawaona. Alianguka akavunjika nyonga, akapasuliwa, mfupa ukakataa kuunga, akapasuliwa tena. Muda wote huo alikaa mjini kwa wifi yangu, karibu na kliniki. Sasa wifi alikuwa amemleta kwa gari lake, akasimama uani na mfuko wa dawa mkononi, akiniangalia kuanzia kilemba hadi mabuti.

"Umekonda," alisema.

"Kazi, wifi."

"Au mawazo."

Wifi yangu hasemi neno likabaki neno tu. Lakini siku hiyo alipatia. Majike wanne walikuwa na mimba ya kwanza, na ile miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu ilikuwa inatimia Ijumaa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwakandamiza mgongo kila asubuhi kuona nani anasimama tuli na yuko tayari kwa dume. Mimi ndiye niliyewapeleka kwa dume, na mimi ndiye niliyepigilia mbao ukutani, shubiri moja kutoka sakafuni, ili mama akijilaza asiwalalie watoto. Baba alikuwa ameniahidi kwa simu kwamba wakizaa salama, banda litakuwa chini yangu moja kwa moja. Wifi alitaka libomolewe. Alisema harufu yake inamfuata hadi mjini, kwenye nguo.

Tena nilikuwa na jambo langu ambalo sikuwahi kumwambia mtu pale nyumbani isipokuwa mume wangu, naye nilimwapisha. Sikio langu la kushoto halisikii. Nilipata homa nikiwa na miaka saba, homa ikaondoka na sikio. Miaka tisa nimeolewa, mezani nakaa mwisho wa benchi ili watu wote wawe upande wangu mzima. Njiani namwacha mtu atembee kulia kwangu. Nikikosa neno nacheka kidogo na kuitikia. Sijui watu wengine wanaogopa nini zaidi duniani, mimi niliogopa kusema "eti?" Kwa Baba, mnyama mwenye dosari hazalishwi. Anasema hivyo akiwa anakula, akiwa anaoga, akiwa anaamkia wageni. Nina watoto mapacha, nao wanasikia hadi mchwa akitafuna. Lakini niliwaza, siku watakapojua, wataanza kuwachungulia wanangu masikio.

Tulifika mlangoni. Baba akakanyaga kwenye beseni la maji ya chokaa, kwanza fimbo, kisha mguu mmoja mmoja, jinsi alivyotufundisha sote. Alipita chumba kwa chumba, akigusa mabakuli ya maji, akinusa pumba. Alitabasamu. Mwenzenu nikaanza kupumua.

Kisha akafika kwa dume. Dume wetu tunamwita Bwana Harusi. Baba akainama kwa shida, akamshika sikio, akaligeuza kwenye mwanga.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa Malkia, Baba."

"Sikio linasema wa Mtawa."

Hapo lazima nieleze. Banda la Baba lina koo mbili tu, ukoo wa Malkia na ukoo wa Mtawa, na sheria yake ni moja: dume wa ukoo huu anapanda majike wa ukoo ule, kamwe si wa kwao. Mama hao wawili walizaa siku moja, Baba akiwa kitandani hospitali anasubiri kupasuliwa. Malkia alizaa kumi na wanne na chuchu zake ni kumi na mbili, kwa hiyo ilibidi baadhi wahamishiwe kwa Mtawa wanyonyeshwe huko. Kabla ya kuwahamisha ni lazima uwakate alama masikioni kwa koleo, maana wakishachanganyika hakuna awezaye kusema yupi wa nani. Baba alinipa maagizo kwa simu. Baadaye akaniagiza nibakize dume mmoja wa Malkia na majike wanne wa Mtawa, na wengine wote waondoke. Nilifanya hivyo hivyo, na jike mmoja wifi akamchukua amnenepeshe uani kwake mjini.

Sasa alikwenda kwa majike. Akawashika masikio wote wanne.

"Kushoto. Kushoto. Kushoto. Huyu naye kushoto." Akanigeukia. "Dume kushoto, majike kushoto. Kwa hiyo Malkia hakuzaa?"

"Alizaa, Baba. Huyu dume ni wake. Nina hakika."

"Hakika ya wapi? Siku ile nilikwambia nini? Nilikwambia, Malkia kuume, Mtawa kike. Mkono wa kuume, mkono wa kike. Kulia na kushoto! Kiswahili hicho ni cha zamani, lakini si cha mizimu."

Kuume.

Siku ile simu ilikuwa kwenye spika juu ya ndoo iliyopinduliwa, upande wangu wa kushoto. Mtoto wa nguruwe alikuwa kwapani mwangu anapiga kelele kama anachinjwa, koleo mkononi, na mama yake anagonga mlango kwa pua. Baba alisema kuume. Mimi nilisikia kiume. Malkia kiume, Mtawa kike. Nikaelewa kwamba kwa Malkia nikate madume tu, na kwa Mtawa nikate majike tu, wengine niwaache. Niliona ni utaratibu wa ajabu kidogo, lakini nani anabishana na mzee anayesubiri kisu? Kuhusu sikio lipi, nilikata lililokuwa karibu, na kwa jinsi ninavyompakata mtoto, lililo karibu daima ni la kushoto. Ili nisisahau, niliandika kwa mkaa kwenye mlango wa stoo, upande wa nje.

Kwa hiyo nilijua, bila shaka yoyote, kwamba Bwana Harusi ni wa Malkia. Ila ili niseme nimejuaje, ningelazimika kusema nilisikia nini, na kwa nini.

"Sikio la kufa halisikii dawa," wifi alisema kutoka mlangoni. Hakuwa ameingia kwa sababu ya viatu. "Simu ile nilimshikia Baba mimi mwenyewe. Alisema vizuri kabisa."

Alikuwa amekaa kwenye ndoo, na sauti yake ilishuka.

"Zamani, kabla hujaja hapa, nilimwacha dume ampande dada yake. Uvivu tu, nilikuwa na dume mmoja. Walizaliwa kumi na mmoja. Watano hawakuwa na njia ya haja. Wanakula, wanavimba, wanalia. Niliwazika mmoja mmoja. Niliapa." Akatazama saa yake. "Bwana mifugo anakuja saa nne kuangalia mimba. Mpigie, mwambie aje na vifaa. Dume ahasiwe leo, anenepe awe nyama. Na watakaozaliwa Ijumaa wote ni wa nyama, hakuna hata mmoja atakayebaki kwa uzazi."

"Baba, Malkia alikufa wakati wa joto kali, ulipokuwa mjini. Huyu ndiye dume pekee aliyebaki wa ukoo wake."

"Kama ni wa ukoo wake. Nionyeshe."

Sikuonyesha. Nilipiga simu, kwa sikio langu zima, na bwana mifugo akasema sawa.

Kisha nikaenda stoo nikafanya jambo la kijinga. Nilifungua mlango hadi ukutani, maandishi yakatazama ukuta, nikauegemezea gunia la pumba. Halafu la pili. Nilijiambia, huyu ni nguruwe tu, wewe una watoto wawili. Nikajiambia tena, ukinyamaza banda linabomolewa. Nikajiambia, ukisema utaitwa kiziwi mpaka siku ya kuzikwa. Saa nzima nilizunguka na fagio nikifagia mahali palipokwisha fagiliwa. Bwana Harusi alinifuata ndani ya chumba chake kutoka pembe hadi pembe, akidhani nina chakula.

Bwana mifugo alifika na pikipiki yake na sanduku lake la mabati. Ni mtu wa maneno mengi.

"Bwana Harusi, pole sana," alisema akivuta dawa ya usingizi kwenye sindano. "Leo harusi imevunjika. Nani atamshika?"

"Huyo," Baba alisema. "Ndiye aliyemzoea."

Basi nikaingia mimi. Nilipiga goti, nikamkuna nyuma ya sikio, pale kwenye alama, akalala ubavu mwenyewe bila kamba. Wanyama hawa wakikuamini wanakuamini kizembe. Machozi yalinilengalenga nikayameza. Bwana mifugo aliruka ukuta mdogo, akapangusa mahali pa kuchoma.

Ghafla wifi akapaza sauti. "Wewe! Baba anasema nawe!"

Niligeuka. Baba alikuwa amesimama kushoto kwangu, hatua moja tu, ukuta katikati yetu. Uso wake ulionyesha kwamba alikuwa ameuliza jambo, na huenda aliuliza mara mbili. Sikucheka wala sikuitikia. Nilikuwa nimegeuza kichwa kizima kumtafuta, na yeye, ambaye miaka arobaini anawatazama wanyama wasioweza kusema wanaumwa wapi, alilitazama sikio langu la kushoto. Kisha akanitazama machoni.

"Usimchome," nilimwambia bwana mifugo.

"Nimeshavuta dawa, mama."

"Nimesema usimchome!"

Nilitoka mle ndani na magoti yamejaa taka. Niliburuta gunia la kwanza, nikaburuta la pili, nikaufunga mlango wa stoo ili maandishi yatazame watu. Baba alikuja polepole. Alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Malkia... kiume. Mtawa... kike." Kidole kikarudi nyuma. "Hii ni i."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilisema u."

"Najua sasa. Nilisikia i. Kwa Malkia nilikata madume tu, kwa Mtawa nikakata majike tu." Nilikuwa nimeanza, nikaona bora nimalize. "Sikio langu la kushoto halisikii. Tangu nina miaka saba. Ni homa, Baba, sikuzaliwa nalo. Watoto hawana. Nilificha kwa sababu niliogopa."

"Miaka tisa!" wifi alisema. "Miaka tisa mnaniona nabwata peke yangu!"

Baba aliinua mkono, wifi akanyamaza. Aliendelea kuutazama mlango. Niliweza kuona midomo yake ikihesabu bila sauti.

"Majike wa Malkia uliwafanya nini?"

"Sikuwakata. Hawana alama."

Akamgeukia binti yake. "Yule nguruwe jike wa kwako. Uliyemchukua alipoachishwa kunyonya."

"Amefanyaje?"

"Hana alama. Miezi yote hii nakaa uani kwako namtazama, najisemea mkwe wangu alimsahau mmoja. Kumbe hakusahau." Akagonga fimbo sakafuni. "Dume mwenye alama ni wa Malkia. Jike mwenye alama ni wa Mtawa. Hakuna aliyepotea. Hata mmoja!"

Wifi alifungua mdomo, akaufunga. Sikumbuki kuliona jambo hilo kabla ya siku ile.

"Na dawa yangu niliyovuta?" bwana mifugo aliuliza.

"Jichome mwenyewe, upumzike," Baba alisema. "Halafu uende ukaangalie mimba, ndiyo kazi uliyoitiwa."

Nilibaki nimesimama mlangoni pa stoo na mkaa umenichafua vidole. Bwana Harusi alikuwa bado amelala ubavu, anasubiri kukunwa. Nilikuwa nasubiri hukumu yangu, maana dume alikuwa ameponywa lakini mimi sikujua kama nimeponywa. Baba alikuwa tena upande wangu wa kushoto. Niliona midomo ikianza kusema, kisha ikaacha.

Akaishika fimbo vizuri. Sakafu ilikuwa na maji na nyonga ilikuwa inamuuma, nilijua kwa jinsi alivyouma meno. Alizunguka nyuma yangu, hatua baada ya hatua, nami sikuthubutu kumsaidia, mpaka akasimama upande wangu wa kuume.

"Hapa unanisikia?"

"Nakusikia, Baba."

"Mficha uchi hazai, mwanangu." Hakusema kwa ukali. "Sasa sikiliza. Ijumaa nyasi kavu ziwekwe mapema, zisiwe ndefu, watoto wasijisokote miguu. Na yule jike wa mwisho ana wasiwasi, akae chumba cha ndani. Mimi macho yangu yamechoka. Utakayoyaona wewe ndiyo tutakayoyafuata."

Nilikuwa nimesikia kila neno, hadi koma zake.

"Eti, Baba?" nilisema.

Naye akarudia yote tangu mwanzo.