Bibi wa Sehemu ya Tisa

Mkata mapazia alikuwa na mume ambaye mtaa mzima ulimwita Mtunzi, naye aliitikia bila aibu. Tamthilia ya madaktari waliyokuwa wakiitazama pamoja ilipoisha kwa harusi isiyo na kichwa wala miguu, bwana huyu alikasirika, akaanza kuiendeleza mwenyewe mtandaoni. Mashabiki wenzake wakawa wanaisubiri kila sehemu kama watu wanaosubiri mshahara.

Tatizo, Mtunzi hakuwa na subira ya kusoma alichokiandika. Mgonjwa aliyezikwa sehemu ya pili alikuwa akinywa chai sehemu ya nne. Muuguzi mkuu alipata mimba, mimba ikayeyuka. Manung'uniko yalipozidi, alimgeukia mkewe.

"Mke wangu, shuleni insha zilikuwa zako. Hebu ninyooshee. Iandike upya yote, mimi nitairusha."

Alikubali, na kusema kweli alifurahia. Jioni, akishafagia vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia, alikaa na kompyuta ya mumewe akafufua huyu, akazika yule, akamzalisha muuguzi salama salimini.

Sehemu ya tisa ndiyo iliyomchafua roho. Humo alikuwemo mama wa yule muuguzi, ajuza anayejikojolea, anayeficha mkate chini ya mto na kumwita binti yake "mama". Daktari bingwa alimwigiza mbele ya wenzake, nao wakashika mbavu. Chini yake mashabiki walikuwa wameandika: "Tuletee tena bibi kikojozi!"

Mama yake mkata mapazia alifia chumba cha nyuma cha nyumba yao hiyo hiyo, mkate ukiwa chini ya mto.

Mate yalimjaa mdomoni. Alikimbilia sinki, akainama, hakikutoka kitu.

Mumewe alikuwa sebuleni akikata kucha za miguu.

"Umemweka mama yangu humu?"

"Yupi? Aa, yule bibi wa simulizi tu. Nimetia chumvi kidogo."

"Watu wanamcheka."

"Si ndiyo raha yake? Sehemu ile imependwa kuliko zote." Akakirudia kidole chake. Mkewe alizitazama zile kucha zilizotapakaa kwenye zulia, akaona kinyaa hata kulikanyaga.

Aliiandika upya sehemu hiyo. Bibi alibaki, na mkojo ulibaki. Ila sasa bibi alikuwa akilikunja gauni lake lililolowa na kulikalia ili binti asilione. Na mlangoni alisimama mkwe, kavuta kola ya shati hadi puani, akiuliza, "Huyu naye bado yupo tu?"

Mtunzi aliirusha bila kuisoma, kama kawaida yake.

Asubuhi, mezani, alikuwa akisoma maoni kwa sauti. "'Huyo mkwe ni wa kutemewa mate.' Mkwe gani tena?" Akafungua, akasoma. Uso ukamshuka.

"Mimi sikusema hivi."

"Ulisema."

"Mama alisikia?"

"Alinipa mkate wake nikuletee. Alisema una njaa, ndiyo maana umekasirika."

Mtunzi aliisukuma kando chai yake. Kisha akasogeza simu taratibu. "Lakini ona, wamelia. Wanamtaka bibi kuliko mwanzo. Tungeendelea naye..."

Kweli walikuwa wameandika: "Tuletee bibi tena tulie!" Vinywa ni vile vile vilivyocheka, na neno ni lile lile: tuletee. Kichefuchefu kilimpanda mkewe upya, safari hii kikiwa pia cha mikono yake mwenyewe, iliyomwandaa mama yake kwenye sahani ile ile. Aliifuta sehemu yote ya tisa.

"Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie bibi alikufa, na hayawahusu."

Kwa siku nyingi baadaye mumewe alimzungukia na maneno ya kuomba radhi, machozi yakimlengalenga, na huenda yalikuwa ya kweli. Hakumfukuza. Ila kila alipomsogelea kitandani, mwili wa mke ulisisimka kama wa mtu aliyeuma nyama akaona funza.