Mkono wa Jumatatu

Khaemba alivuta mkono wa shati kwa meno hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha ule mkono uliokatika, na watu wapya wakautazama. Uliishia chini kidogo ya kiwiko, ngozi imekunjamana mwishoni kama mdomo wa gunia lililoshonwa.

Walikuwa wanane siku hiyo. Walipangwa mbele ya korona, mashine ya kuparua majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi, nayo ilikuwa imezimwa kwa ajili ya somo. Ilikuwa Julai ya 1957, kwenye shamba la mkonge nje ya Nakuru, njia ya kwenda Solai. Bwana meneja alisimama kando na kikombe chake cha chai.

"Sema," Bwana akaamuru.

"Naitwa Khaemba. Mashine hii ilikula mkono wangu. Ni makosa yangu. Sikusikiliza."

"Sema tena. Huyu ya nyuma hapana sikia."

Alisema tena. Mwaka wa tatu huo alikuwa akiyasema, kila Jumatatu yenye watu wapya, na maneno yalishamwishia ladha mdomoni. Watu wa kambi walimwita Somo. "Somo, leo umefundisha wangapi?" Alicheka nao. Angefanya nini?

Ukweli ulijulikana na kila mtu, hata mbwa wa nyapara aliujua. Kulikuwa na kifuniko cha chuma cha kuzuia mikono isifike kwenye visu, na kifuniko hicho kilikuwa kimelala stoo tangu mashine iletwe. Kikifungwa, majani yanakwama. Yakikwama, injini inazimwa, na kuiwasha tena ni nusu saa ya jasho na matusi. Kwa hivyo kifuniko kilikaa stoo, na jani moja moja lilipokwama mtu alilichomoa kwa mkono huku visu vinazunguka. Ndivyo kazi ilivyofanywa. Khaemba alichomoa majani miaka miwili, siku moja hakuwahi kurudisha mkono.

Lakini alikuwa na chumba. Alipotoka hospitali Bwana alimwambia, "Wewe kaa. Wewe tafundisha hawa," akapewa chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi, cha mabati, chenye mlango wa kufunga. Kwingine hakukuwa. Baba yake alizikwa kwenye shamba la Mzungu mwingine kule Kitale, na siku ya tatu baada ya mazishi wakaambiwa wahame, kaburi bado bichi. Chumba kile ndicho kilikuwa kwao sasa, yeye na mkewe Nasimiyu na watoto watatu, na kilikuwa chake maadamu alifundisha vile Bwana alivyotaka.

Somo lilipokwisha, mmoja wa wapya aliinua mkono. Alikuwa kijana mrefu kutoka Kuresoi, jina lake Kiplangat.

"Mzee, nimesikia. Sasa jani likikwama, nilitoe na nini?"

Ebo! Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Khaemba alimtazama nyapara Kimaiyo, na Kimaiyo akamtazama yeye. Bwana akanywa chai. Jibu la kweli lilikuwa fupi: usiliguse mpaka injini izimwe. Khaemba alikuwa nalo kwenye ulimi kabisa. Akakumbuka mlango wa mabati, na watoto waliolala nyuma yake.

"Mimi nilitumia kulia," akasema. "Wewe tumia kushoto."

Bwana akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda zake.

Na wale watu walilishika neno hilo, mungu wangu, walilishika kweli. Jumatatu baada ya Jumatatu kambi ilikuwa imeonyeshwa mkono uleule umekosekana, basi mashine iliyokula kulia ilitaka kulia. Wiki hiyo wapya walichomoa majani kwa kushoto. Kufika Jumatano hata wazee wa kazi walikuwa wanawaiga, wakisema kijana wa Kuresoi ana akili.

Alhamisi, kabla ya saa ya uji, jani lilikwama mbele ya Kiplangat.

"Chomoa!" Kimaiyo akapiga kelele. "Unangoja mama yako?"

Kiplangat akachomoa kwa kushoto, mkono ambao hakuuzoea.

Khaemba alikuwa anafagia makapi kwa nyuma. Alisikia sauti ya mashine ikiwa nzito kidogo, halafu ikawa nyepesi tena. Alijua. Akafagia mara mbili, mara tatu, ndipo akaangusha ufagio.

Wiki iliyofuata alikuja Bwana wa Kazi, Mzungu kijana wa Serikali mwenye soksi ndefu nyeupe. Siku hiyo kifuniko kilikuwa mahali pake, kimepakwa rangi nyekundu. Bwana wa Kazi alikigusa, rangi ikamshika vidoleni. Akajifuta kwa kitambaa, akakikunja kitambaa vizuri, akakitia mfukoni. Halafu akauliza kama watu hawa walifundishwa.

Joash, karani, alileta kitabu. Kila mtu aliyehudhuria somo alikuwa ameweka alama ya dole gumba la kushoto.

"Hii ni ya yule aliyeumia?"

"Ndiyo, Bwana," Joash akasema. "Aliiweka Jumatatu. Dole bado lilikuwepo."

"Nani alimwambia atumie kushoto?"

Kimaiyo alitazama viatu vyake.

"Ni mimi," Khaemba akasema. "Lakini Bwana, kile kifuniko..."

"Yeye nauliza wewe habari ya kifuniko?" meneja akasema, kwa upole.

"Hapana, Bwana."

Joash akaandika kwamba mfundishaji alifundisha vibaya. Akamsomea Khaemba, akamsogezea wino. Khaemba akaweka dole lake la kushoto, la kulia hakuwa nalo.

Mwisho wa Agosti Kiplangat alirudi kutoka hospitali. Bwana akampa kazi ya somo la Jumatatu, akampa na chumba kile kile. Khaemba aliambiwa saa sita imkute nje ya shamba.

Asubuhi hiyo Nasimiyu alikuwa anafunga sufuria ndani ya blanketi.

"Baba Wafula, tunaenda wapi?"

"Kwanza barabarani."

Khaemba alijitafuta hasira, hakuiona. Aibu alikuwa nayo, na uchovu. Kiplangat alisimama mlangoni, shati halijafungwa, na nyuma yake mkewe Chemutai na mzigo kichwani.

"Mzee, nimepewa maneno," Kiplangat akasema. "Niseme ni Khaemba aliyenifundisha vibaya. Mimi siwezi kusema hivyo."

"Una mtoto?"

"Huyo mgongoni kwa mama yake."

"Basi sema. Kwani ni uongo? Nilikuambia kushoto."

"Lakini ni kifuniko, mzee. Wewe unajua ni kifuniko."

"Kifuniko hakifukuzwi, kijana."

Huko chini Kimaiyo alikuwa anaita, "Kiplangat! Wapya wanangoja kwenye baridi!" Kiplangat alishika kifungo cha shati, kikamponyoka. Akakishika tena, nguo ikakimbia.

Khaemba akasogea. Akashika upande wa tundu kwa mkono wake wa kushoto, akauvuta ukakaza, na Kiplangat akasukuma kifungo kwa mkono wake wa kulia. Kikaingia. Wakashuka kwenye cha pili, wakafunga cha tatu, na Nasimiyu akaacha kufunga blanketi, akawatazama.

"Na cha shingoni," Khaemba akasema. "Bwana hapendi kifua wazi."