Maikrofoni ya Naisenya

Niseme mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Elsie, mke wangu, husema hata nikipewa peremende nitaikagua kwanza. Asinilaumu. Si yeye aliyenunua maikrofoni ya zamani kwa bwana mwenye suti na Biblia kwapani, akarudi kwetu Noonkopir akipiga miluzi, akaifungua na kukuta ndani kidude cha kunasia sauti cha maikrofoni ya watoto, ile ya kuchezea, kimebandikwa kwa gundi. Nje chuma cha heshima, ndani takataka.

Tangu siku hiyo sinunui bila kufungua. Kile kidude nilikitia katika kopo tupu la rangi ya viatu, na hukibeba kila niendapo kununua, nimwonyeshe muuzaji ajue kwamba haongei na mjinga.

Maikrofoni kuukuu ndizo ugonjwa wangu. Mpya zilizo nzuri siziwezi kwa mshahara wa karani wa kiwanda cha nguo. Lakini makanisa na shule zikinunua mpya, za kale hutupwa stoo, na huko ndiko nazipata kwa bei ya kuku wawili. Chumba chetu cha kulala nimekigeuza studio, magodoro ukutani, kwaya imejipanga kando ya kitanda. Waimbaji wakisikia jinsi chuma kile cha zamani kinavyowarudishia sauti, nene na laini, husahau kwamba wamesimama juu ya slipa za Elsie.

Ndipo akanipigia mtu anayeitwa Gideon Katoo, kutoka Kajiado.

"Nilipata namba yako kwa watu wa kwaya," akasema. "Niko na maiki ya zamani, ya baba yangu. Utanipa chenye utaona ni sawa. Lakini kuja na mashine ya kurekodi."

Muuzaji asiyetaja bei! Na mashine yangu aliitakia nini? Usiku nilimwambia Elsie kwamba hapa kuna jambo. Akaniambia basi nisiende. Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa Kajiado, ng'ambo ya reli ya Magadi, kopo langu mfukoni.

Katoo alikuwa mtu mrefu wa makamo, mfanyabiashara wa mbuzi, amevaa koti la ngozi na gambuti. Alinipokea kwa mikono miwili, jambo lililonizidishia shaka. Mbele ya nyumba ya mabati alikuwa ameketi mama yake, Naisenya, bibi mwenye mgongo ulionyooka, shingo kaifunga kwa leso.

"Takwenya, Yeyo," nikamwamkia kama mama, kwa Kimaa changu cha kuokoteza.

"Iko," akaitikia, akacheka matamshi yangu.

Katoo akanieleza huku tumesimama. Chini ya ile leso kulikuwa na uvimbe. Jumatatu mama angepasuliwa Nairobi, na daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba uvimbe umegusana na mishipa ya sauti. Anaweza kuamka akiwa mzima lakini asiimbe tena. Na huyu mama aliwaongoza wanawake wa kanisa lao kuimba kwa zaidi ya miaka arobaini, mingi akiwa na maikrofoni hiyo moja, ambayo marehemu mumewe, mwinjilisti, ndiye aliyekuwa akiitunza.

"Nimejaribu na simu, inashika upepo tu," akasema. "Mrekodi na hii yake. Wimbo moja tu. Halafu maiki ni yako, uende nayo."

Mtu mwenye moyo angeguswa. Mimi nilikuwa nahesabu mitego: mama mgonjwa, marehemu baba, kanisa. Yule wa suti naye alikuwa na Biblia.

Maikrofoni yenyewe ilikuwa nzito, ya rangi ya fedha iliyochujuka, wavu wake umebonyea upande mmoja. Niliiunganisha na kinasa sauti changu, nikavaa hedifoni. Kuku waliokuwa wakiparura nyuma ya tangi la maji niliwasikia kama wako mapajani mwangu. Nikasikia shanga za mama zikigusana, na pumzi yake. Nilikuwa sijawahi kumiliki maikrofoni inayosikia hivyo.

Hapo ndipo nilipopata uhakika kwamba naibiwa. Kitu cha umri ule hakiwezi kusikia vizuri kiasi kile. Lazima ndani kumepachikwa kingine.

"Nitaifungua kidogo," nikasema.

"Hapana, usifungue." Katoo akaushika mkono wangu. "Waya ya ndani ilikatika, baba akaiunga na mkono yake. Ni nyembamba kama nywele. Fundi wa town alisema ikikatika tena, hiyo imekwisha."

Nikatabasamu. Hayo ndiyo niliyoyangoja. Nikasema sawa, hakuna neno.

Katoo akaenda jikoni kuleta chai. Mama akaingia ndani kuvaa, kwa maana hakukubali kuimba na sweta. Nikatoa bisibisi. Skrubu nne, dakika moja. Nikavuta kifuniko.

Ndani kulikuwa safi. Kidude kilikuwa chake kile kile cha asili, chenye muhuri wa kiwanda, hakijaguswa na mwizi yeyote. Na kando yake niliona mahali ambapo mtu mwenye subira alikuwa ameunga waya mwembamba na kuuzungushia uzi wa kushonea. Lakini nilipovuta, uzi ulikuwa umenasa kwenye kifuniko, nao sasa uko mkononi mwangu. Waya ulikuwa umekatika mle mle kwenye kidude, na kipande kilichosalia hakikuzidi ukope.

Nilisikia vikombe vikigongana, Katoo anakuja. Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaingia mfukoni ukatoa lile kopo. Nikapachika kidude cha mtoto mle ndani, nikasokota nyaya, nikazungusha utepe, nikakaza skrubu. Alipoweka chai mezani nilikuwa nimekaa kama mgeni mwema.

Mama akatoka na shanga zake zote. Kabla ya kuimba akaomba viganja vyangu, akavitemea mate kidogo, kama wazee wao wanavyobariki.

"Enkai abariki hii mikono," akasema, akimtaja Mungu kwa lugha yao.

Sijawahi kuionea aibu mikono yangu kama siku ile.

Akaimba. Hewani sauti ilikuwa pana, ya chini, ikijaza ua mzima. Ndani ya hedifoni ilikuwa kijisauti chembamba cha puani, kama mtu anayeimba ndani ya kopo. Mimi peke yangu nilikuwa nikizisikia zote mbili. Nilizungusha vitufe kwa bidii ya kujidanganya, huku nikijua hakuna kitufe cha kuniokoa.

Alipomaliza akataka kujisikia. Nikatafuta kisingizio, sikupata. Katoo akamvika hedifoni. Mama alisikiliza bila kupepesa, kisha akazivua polepole na kuziweka mapajani.

"Kumbe imeisha," akasema. "Kwa kichwa yangu mimi nasikia iko kubwa, kumbe ni hii kidogo imebaki. Basi, Gideon. Wakate tu. Hakuna kitu ya kupoteza."

Maneno yalinitoka kabla sijayapanga. "Yeyo, si sauti yako. Ni mimi. Nimefungua, nimekata waya, nimeweka takataka." Nikafungua maikrofoni ile mbele yao, nikawaonyesha kile kidude, na uzi wa mwinjilisti niliokuwa nimeuficha mfukoni.

Katoo aliuchukua ule uzi, akauzungusha kidoleni.

"Nilikuambia," akasema.

"Kesho nitaleta yangu, ile bora kuliko zote."

"Na hiyo yako nitajuaje iko na nini ndani?"

Mimi niliyezoea kuuliza swali hilo, sikuwahi kujua jinsi linavyouma.

Jumapili alasiri nilirudi. Katoo alinisubiri langoni, bisibisi mkononi. Hakunisalimu. Akanyoosha mkono, nikampa maikrofoni yangu, niliyoitafuta miaka miwili. Akailaza juu ya nguzo ya lango, akaweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Kaburi lingefunguka ningeingia.

"Taratibu," nikasema, "waya yake ni nyembamba kama..."

"Kama nini?"

"Kama unywele."

Alinitazama, bisibisi bado iko pale pale. Nilimwacha anitazame. Mwishowe akaiondoa, akaitia mfukoni mwa koti.

"Mama anangoja," akasema.

Ile ya zamani hakuniuzia, wala sikuthubutu kuiulizia. Niliiona kupitia mlango, imewekwa kabatini, uzi umefungwa shingoni mwake.

Mama aliimba nyimbo tatu. Kisha akavishwa hedifoni, akazishika kwa mikono miwili, akasikiliza ya kwanza mpaka mwisho. Akapeleka mkono shingoni, juu ya leso.

"Bado iko," akasema. "Gideon, iko yote."

Akaanza kulia, maana Jumatatu ilikuwa kesho.