Maji Aliyoyameza Danford

Mwinjilisti Yonasi alikuwa mtu wa kusikiliza, na katika Mbozi ya miaka ile baada ya vita watu wa namna hiyo walikuwa adimu, maana kila mwenye kofia alikuwa na amri ya kutoa. Kila Jumatano alikwenda jela ndogo ya boma, akaketi chini ya ukuta na mfungwa Jairo, akamwacha aseme. Askari jela Damiano alimcheka.

"Mwalimu, huyu amekata mibuni ya kaka yake Danford mara mbili. Dawa yake jembe na kiboko, si porojo."

Lakini Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikwisha kutamka: Jairo akikata tena, atapelekwa jela kubwa ya mbali, na waliopelekwa huko ni wachache waliorudi. Yonasi hakutaka afike huko.

Mwanzoni Jairo alizungumzia kahawa tu, kama alivyofanya barazani: shamba la baba, mpaka, mibuni. Hata ikafika siku moja, akichambua maharage ya wafungwa, akasema bila kuinua macho, "Mama alipougua nilikuwa Lupa, kwenye dhahabu. Danford hakuniletea habari. Nilirudi na blanketi nililomnunulia mama begani, nikakuta kaburi limeota majani." Akalia kwa sauti, hata Damiano akageukia pembeni. Kumbe mibuni ilikuwa inasingiziwa tu.

Yonasi alifurahi kupita kiasi. Kwa wazee wa huko hasira ya ndugu haiishi kimyakimya. Hutamkwa mbele ya aliyekosa, kisha wote wawili hupiga funda la maji na kuyapuliza chini, yaishe. Wazungu wa misheni waliuita utaratibu huo upagani. Yonasi aliuita wokovu, ila kwa sauti ndogo. Akapanda hadi Isansa, kijijini kwa Danford, akambembeleza mpaka akakubali kuja.

Uani pa jela Jairo alisema yote: ugonjwa, kaburi, blanketi. Akapiga funda, akapuliza. Danford naye akapokea kata ya maji, akapiga funda. Koo likapanda, likashuka. Maji yakaenda tumboni.

"Mimi sina hasira," alisema, akijifuta midomo. "Nipulize nini?"

"Kaka," Jairo alisihi, "basi sema hata neno moja juu ya mama."

Danford akavaa kofia yake, akaenda zake. Yonasi alisimama pale na kata tupu, akaona haya, akaona uchungu, na zaidi ya yote akaona hana la kufanya. Amemfungua mtu kidonda, na kitambaa cha kukifunga kimeondoka na mwingine.

Siku ya kufunguliwa, Jairo alimshika Damiano mkono. "Afande, niache humu mpaka kaka avune kahawa yake."

"Hii jela, bwana, si kwa mkweo. Toka!"

Yonasi akamchukua nyumbani kwake. Walilima pamoja, wakala pamoja, na kila jioni Yonasi alimwuliza habari za moyo wake. Jairo alijibu, "Salama, Mwalimu," naye Yonasi, mtu wa kusikiliza, alisikia kabisa kwamba si salama. Afanye nini? Mtu mzima hafungwi kamba kama mbuzi. Asubuhi moja akakuta mkeka mtupu, na panga halipo.

Alikimbia na kanzu yake mpaka Isansa. Mibuni ilikuwa imelala chini, buni zikiwa bado nyekundu matawini. Danford alikuwa akipiga mayowe mlangoni, watu wakimkimbilia. Jairo alikuwa ameketi katikati ya shamba, ameweka panga kando, akingoja tarishi wa chifu aje na kamba.

"Mwalimu, uliniambia nikisema hasira itatoka," alisema kwa upole. "Ilitoka. Ilikosa pa kwenda, ikanirudia."

Yonasi akachuchumaa mbele yake.

"Jumatano utakuja tuzungumze?" Jairo aliuliza.

Yonasi alijua Jumatano itamkuta Jairo wapi.

"Nitakuja," alisema.