Macho ya Vedat Mbele ya Utepe

Zamani kidogo, macho yake yalipokuwa yametoka tu kupigwa leza, Vedat aliiweka miwani yake ya kale sakafuni, katikati ya duka la miwani la shemeji yake Remzi, akaikanyaga. Wateja walishuhudia. Kisha akaapa: siku atakayovaa miwani tena, atanyoa masharubu. Remzi, fundi miwani mwana wa fundi miwani, akaapa palepale kwamba leza ikigusa macho yake, na yeye atanyoa ya kwake. Wakapeana mikono kwa uzito wa marais wanaogawana mpaka.

Tangu hapo Vedat akawa havumiliki. Jioni alikaa roshani akisoma majina ya feri zilizo upande wa pili wa ghuba ya Izmir, kwa sauti, bila kuombwa na mtu. Daktari alikuwa amemweleza kwamba leza inatengeneza macho ya mbali, lakini mtu akishavuka arobaini na kitu, macho ya karibu huchoka tu, awe alipigwa leza au hakupigwa. Bahati mbaya, daktari alipofika kwenye "lakini", Vedat alikuwa ameshatoka kwenda kula samaki.

Sasa amevuka hamsini. Mbali anaona hadi raha. Karibu, dunia imekuwa uji. Simu huisoma akiwa amenyoosha mkono mpaka bega linalia, na mkono wenyewe kila mwaka unazidi kuwa mfupi. Wala hakuna anayejua. Ndivyo anavyoamini.

Basi ikafika Jumapili ya Belgin, binti wa Remzi, kuvishwa pete ya uchumba na Tuncay. Sebule ilifurika. Pete mbili zikaingia vidoleni, zimeunganishwa kwa utepe mwekundu mwembamba, na ikabaki mkubwa wa familia aukate. Remzi akaleta mkasi juu ya sinia la fedha.

"Shemeji, heshima hii ni yako. Mwenye macho hapa ni wewe."

Watu wakapiga makofi. Jasho likamtiririka Vedat mpaka kwenye masharubu.

Akasogea. Utepe ukayeyuka. Akarudi nyuma, ukaonekana vizuri, ila mkono haufiki. Akasogea tena, akarudi tena, wageni wakadhani anacheza ngoma. Mwishowe akafumba jicho moja, akakata. Hewa.

"Mkasi haukati!" akapaza sauti shangazi wa Tuncay, na sebule nzima ikaangua kicheko, maana ndio mzaha wenyewe wa siku hiyo: mkasi hugoma mpaka mchumba atoe chochote. Tuncay akamtia Vedat noti mfukoni.

Vedat akaona mlango wa kutokea. Akakata hewa tena. Noti nyingine.

"Mjomba, huruma basi!"

"Mimi sina neno, mwanangu. Mkasi ndio una njaa."

Ukagoma mara ya tatu. Belgin akanong'ona, "Mjomba, kata sasa, kidole kinakufa ganzi."

Vedat akakaza meno, akalenga kitu chekundu, akabana. Safari hii kikakatika. Vigelegele vikaanza, vikafia njiani. Nusu ya tai ya Tuncay ilikuwa imelala juu ya keki.

"Ungesema tu, Mjomba," Tuncay alisema kwa sauti ndogo. "Noti zipo."

Vedat akakitazama kidole cha mpwa wake. Kwake kilikuwa wingu la waridi, na mkasi ulikuwa bado wazi. Akayapapasa masharubu yake kama anayaaga kituoni. Kisha akaichomoa miwani puani mwa Remzi, akaivaa.

"Jamani, nimeshindwa," alitangaza. "Karibu sioni."

Akasubiri dunia ikae sawa. Haikukaa. Akaivua, akaivaa, akaivua.

"Remzi. Hiki ni kioo cha dirisha."

"Rudisha miwani yangu."

"Nakwambia hiki ni kioo cha dirisha!"

Remzi akawa mwekundu kuliko utepe. "Nilipigwa leza Ankara," alisema akilitazama zulia. "Mwaka uleule wako. Sasa nani atanunua miwani kwa fundi asiyevaa?"

"Na mkasi ukanipa mimi!"

"Ningefanyaje, shemeji? Huo utepe hata mimi siuoni."

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wa Remzi, dada yake Vedat. Aliteleza kwenye kochi mpaka chini, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumnyanyua. Shangazi wa Tuncay alilia machozi ndani ya kikombe cha kahawa.

Belgin akampokonya mjomba wake mkasi kwa mkono wa kushoto, akakata utepe, mara moja, kwaa! Akambusu Tuncay pale palipokuwa na tai. Kisha akawageukia wanaume wawili, akiufungua na kuufunga mkasi taratibu.

"Haya, wazee wangu. Nani anatangulia?"