Pengwini wa Ng'ambo ya Barabara

"Ona anavyomchekea!" Costancia aliiambia kibodi, maana dukani hamkuwa na mtu mwingine.

Ng'ambo ya barabara Melkizedek, mwalimu wa kwaya, mgane anayejipigia pasi mashati yake mwenyewe, alikuwa ameinama mbele ya kompyuta ya Tumwagile. Miaka yote nyimbo zake zilichapwa kwa Costancia, kwenye Windows yenye kile kilima cha kijani kwenye skrini. Tangu Tumwagile afungue stesheni yake ya kuchapa hapo Kilosa, kompyuta zote Linux badala ya Windows, zimebandikwa pengwini, nembo ya Linux, ubavuni, mwalimu kahama na nyimbo zake. Eti haishiki virusi. Eti nyepesi.

"Nyepesi kama mwenyewe," alisema Costancia.

Kilichomchoma zaidi ni salamu. Shuleni Rudewa alimtangulia Tumwagile darasa moja tu, lakini kila Melkizedek akiwa karibu, mwanamke huyo hupaza sauti: "Shikamoo, dada Costancia!" Costancia hujifanya kiziwi. Kuitikia marahaba mbele ya mgane si kujizeesha huko?

Ijumaa mwalimu akavuka barabara kwa miguu yake.

"Costancia, nisaidie. Nyimbo alizochapa Tumwagile, nikizifungua kwenye kompyuta ya kanisa, mistari inahama. Besi wamepanda kwa soprano! Na kesho tunaimba Mikumi."

"Si nilisema? Linux ni ya watu wa kujionyesha. Acha flashi, kanywe chai."

Alipoichomeka, nyimbo zote zikageuka vialama vyenye kishale, ukibonyeza, hola, hazifunguki. Virusi vya Windows yake, anavijua. Akiungama, mwalimu harudi tena. Akachomoa flashi, akajitanda kanga, akavuka.

Tumwagile hakucheka, afadhali angecheka. Kwenye Linux nyimbo zikajitokeza zote.

"Zipo, zilifichwa tu. Ukizirudisha kwako zitafichwa tena. Nikutolee karatasi hapa hapa?"

"Toa. Na usimwambie."

"Simwambii. Ila leo shikamoo yangu utaiitikia."

Melkizedek aliporudi alikuta mezani kwa Costancia karatasi zingali na moto wa printa, besi chini, soprano juu. Akaketi kwenye benchi lililomkosa mwezi mzima.

"Kweli Windows ni Windows. Sihami tena mimi."

Costancia alikuwa hajamaliza kutabasamu, mlango wa ng'ambo ukafunguka.

"Shikamoo, dada Costancia!"

Mwalimu akainua macho, akamtazama Costancia usoni, akisubiri aitikie. Kwenye skrini kilima cha kijani kilikuwa kimetulia, hakuna mtu juu yake. Costancia akajifunga kanga vizuri, akafungua kinywa kuitikia.